Risala ya kikundi cha watengenezaji wa mafuta na jeli za nywele zitokanazo na mimea kwa Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Ngamiani, Tanga

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mkuu wetu wa Wilaya, Mheshimiwa Diwani, Ndugu Afisa Maendeleo ya Jamii, viongozi wa serikali ya mtaa na viongozi wetu wa dini, wakufunzi wetu, wahitimu wa mafunzo tunaowapongeza leo, mama zetu, shangazi zetu na ndugu wote mliofika: Assalaam alaykum. Bwana Yesu asifiwe. Tumsifu Yesu Kristo.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tunakushukuru kwa kukubali mwaliko wetu licha ya majukumu mengi uliyonayo, na tunaomba ruhusa yako tukueleze kazi yetu, mahali ilipofikia na jambo linaloikwamisha.

Kikundi chetu ni cha akina mama na mabinti wa Ngamiani na mitaa ya jirani. Tunatengeneza, katika majiko ya nyumbani kwetu, vitu vya kutengenezea nywele: jeli ya kulaza nywele, mafuta ya mgando ya kusukia, mafuta ya maji ya kupaka kichwani, na krimu ya kulainisha nywele kabla hazijachanwa. Vyote vinatokana na mimea. Hatutii nta ya nyuki wala asali, hatutii lanolini, ambayo ni mafuta yatokanayo na sufu ya kondoo, wala hatutumii keratini ya dukani, ambayo kwa kawaida hutolewa katika kwato, pembe, manyoya na sufu.

Sababu za kufuata njia hii si moja kwetu sote. Wapo wenzetu wasiopenda mnyama atumike kwa ajili ya urembo. Wapo wanaotaka kujua asili ya kila kinachogusa miili yao kabla ya kusimama kuswali, na chupa iliyoandikwa keratini au jelatini haiwaambii imetoka kwa mnyama gani. Na wapo, nao ndio wengi, waliojiunga nasi baada ya kuunguzwa na dawa za kunyoosha nywele. Dawa kali za aina hiyo hutumia hidroksidi ya sodiamu, yaani kostiki soda ileile inayotumika kutengeneza sabuni, na pH yake, yaani kipimo cha uchachu au ukali wa kitu, hufika 12 na zaidi, ilhali ngozi ya kichwa ina pH ya karibu 5.5. Dawa ikikaa kichwani kupita muda wake, huacha vidonda na nywele hukatika kuanzia kwenye paji la uso. Mwezi Oktoba 2022 watafiti nchini Marekani walichapisha matokeo ya kuwafuatilia wanawake zaidi ya 33,000 kwa karibu miaka 11, wakaona kuwa waliotumia dawa za kunyoosha nywele zaidi ya mara nne kwa mwaka walipatwa na saratani ya mji wa mimba kwa kiwango kinachozidi mara mbili ya kile cha wasiozitumia. Utafiti huo haukuthibitisha kuwa dawa ndiyo iliyosababisha ugonjwa, na sisi hatumtishi mtu kwa habari hiyo. Tunaieleza kwa mabinti wetu ili anayeamua kunyoosha nywele aamue akiwa anajua.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, mama zetu wa pwani hawakuwa maskini wa vitu vya nywele. Walioshea majani ya mkunazi yaliyopondwa, walipaka hina, na mafuta ya nazi yaliyolazwa na asmini au mlangilangi yalikuwa katika kila nyumba yenye mwari au bibi harusi. Sisi tumeanzia hapohapo. Nazi tunazinunua Pangani na hapa mjini, tunazikuna kwa mbuzi, tunakamua tui la kwanza na kuliacha litulie usiku kucha hadi lile zito lielee juu. Asubuhi tunaengua sehemu hiyo ya juu na kuichemsha kwa moto mdogo, bila kuondoka jikoni, hadi maji yaishe, mafuta yajitenge na masazo ya chini yaanze kugeuka rangi ya kahawia. Yakishakuwa meusi mafuta yameharibika harufu, na hakuna ua litakaloificha. Kazi hii ya mama zetu ina ushahidi wa maabara pia: wanasayansi wa India, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2003, walilinganisha mafuta ya nazi, ya alizeti na ya madini, wakakuta kuwa ni ya nazi peke yake yaliyopunguza kwa kiwango cha kuonekana upotevu wa protini katika nywele, kwa sababu asidi ya lauriki iliyomo ndani yake ina umbo dogo linaloweza kupenya hadi ndani ya unywele.

Jeli ndiyo iliyotupa sifa mjini, na tunaomba tuieleze kwa kirefu kidogo. Wakufunzi walitufundisha kwanza kwa mbegu za kitani, kikombe kimoja cha mbegu kwa vikombe vinane vya maji, na jeli yake ni nzuri sana. Lakini mbegu hizo hapa kwetu ni ghali, na mteja wetu ni msusi wa barazani na mwanafunzi wa sekondari. Tukahamia kwenye bamia, ambayo kila mama wa Tanga anaujua utelezi wake kwa kuupika. Tunachagua bamia changa zisizo na nyuzi, tunazikata vipande vyembamba, tunazitia katika maji na kuzichemsha kwa moto mdogo kwa dakika 10 hadi 15. Anayetaka kujua kama imeiva asitazame saa, atazame mwiko: ukiunyanyua, ute unapaswa kushuka kwa uzi mmoja mrefu, ukidondoka kwa matone, bado. Huchujwa ungali moto kwa kitambaa chepesi, na mmoja hushika kitambaa huku mwenzake akikamua, kwani ute ukishapoa hugoma kupita na nusu yake hubaki na makapi.

Ute huo ukikauka juu ya nywele hufanya utando mwembamba unaozishika bila kuzikakamaza. Kwa nywele za kipilipili hupakwa zikiwa na majimaji, kisha hufungwa kitambaa kwa muda kabla ya kusuka twende kilioni au mabutu. Mtu akitangulia kupaka mafuta mengi, jeli haishiki, na ikikauka hubanduka punje nyeupe zinazofanana na mba. Wateja wengi waliorudisha chupa walikuwa wamefanya hivyo, na sasa kila chupa inatoka na maelezo. Maji ya chumvi ya kupuliza, ambayo wengine huyasifu kwa kuzipa nywele mawimbi, tuliyaacha, kwa maana huzikausha nywele za aina yetu.

Shubiri nayo inatusaidia kulainisha jeli, ila inahitaji uangalifu ambao watu wengi huupuuza. Jani likikatwa hutoa utomvu wa njano unaowasha ngozi, kwa hiyo tunalisimamisha, upande uliokatwa ukitazama chini, hadi utomvu wote utoke, ndipo tunalimenya na kuchukua sehemu nyeupe ya ndani pekee. Vivyo hivyo ndimu. Mabinti wengi hukamulia ndimu kichwani kisha wakatoka juani, na juisi ya ndimu ikipigwa na jua inaweza kuunguza ngozi na kuacha mabaka meusi ya muda mrefu. Katika majiko yetu ndimu hutiwa kwa matone, kwa ajili ya kurekebisha uchachu wa jeli tu. Kila mteja mpya tunamwomba apake kidogo nyuma ya sikio na kusubiri siku nzima kabla ya kupaka kichwa chote, kwa kuwa kitu cha mimea nacho kinaweza kumdhuru mtu ambaye mwili wake unakikataa.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, kuna jambo ambalo kikundi hiki kimelishikilia hata pale lilipotupotezea wateja. Jeli ya bamia ni maji na chakula cha mimea, na bakteria na ukungu huvipenda vyote viwili. Isiyo na kihifadhi hukaa katika friji kwa wiki moja hivi, na katika joto la Tanga huharibika mapema zaidi, wakati mwingine kabla harufu haijabadilika. Kuna wanaouza jeli ya namna hii sokoni kwa maneno kwamba hudumu miezi sita kwa sababu imetiwa mafuta ya vitamini E. Vitamini E huchelewesha mafuta kuchacha, lakini haizuii bakteria. Kwa hiyo tunatengeneza kwa aina mbili. Ya mtaani inatengenezwa kwa oda, inaandikwa tarehe na anayenunua anaambiwa aiweke kwenye baridi. Ya kupeleka mbali tunaitia benzoeti ya sodiamu na sobeti ya potasiamu, vihifadhi vinavyotumika pia katika vyakula na vinywaji, na tunahakikisha pH iko chini ya 5 kwa sababu jeli isipokuwa na uchachu wa kutosha vihifadhi hivyo havifanyi kazi. Wapo wanaotulaumu kuwa kwa kufanya hivyo tumeacha uasilia. Sisi tunaona afya ya kichwa cha mtoto wa mtu ina uzito kuliko jina la asilia kwenye lebo.

Sasa tunaomba tuje kwenye kinachotukwamisha, nacho ni nta.

Mafuta ya mgando ya kusukia hayafanyiki bila nta. Mafuta ya nazi huyeyuka kwenye nyuzi joto 24 hivi, ndiyo maana mchana wa Tanga yanakuwa maji ndani ya kopo na yakipelekwa Lushoto yanaganda hadi yanachotwa kwa kisu. Nta huyafanya yawe na hali moja pwani na mlimani, na ndiyo inayomwezesha msusi kushika mgawanyo wa nywele bila kuteleza vidole. Nta ya nyuki ingetosha, na ni rahisi kuipata, lakini tulikwisha kuahidiana na wateja wetu kuwa hatutatumia kitu cha mnyama, na ahadi hiyo hatutaivunja. Badala yake tunatumia nta ya kandelila, inayotokana na kichaka cha nyika za Mexico, au ya karnauba, inayokwanguliwa kwenye majani ya aina ya mtende wa Brazili. Zote zinaagizwa kutoka nje, tunazinunua kwa gramu kupitia wafanyabiashara wa Dar es Salaam, na kwa bei yake kopo moja la mafuta ya mgando linamgharimu msusi zaidi kuliko la kiwandani lililo dukani jirani.

Wakati huohuo, Mheshimiwa Mgeni Rasmi, sisi tunaishi katikati ya mkonge. Mmea huu uliletwa huku mwaka 1893 na Richard Hindorf, na kutokana na miche 62 iliyonusurika safari ukaenea hadi Tanga ikajulikana duniani kote kwa mkonge. Jani la mkonge limefunikwa na utando wa nta unaolizuia lisikauke juani. Likipita katika mashine ya korona, inayotenganisha singa na nyama ya jani, singa zinazopatikana ni kama asilimia 4 tu ya uzito wake, na sehemu kubwa ya kinachobaki hutupwa, pamoja na nta hiyo. Kule Hale mabaki ya mkonge yamekwisha kutumika kuzalisha bayogesi, na wanasayansi wamekwisha kuonyesha kuwa nta ya mkonge inaweza kutolewa katika mabaki hayo. Hatujajaribu kuitoa wenyewe na hatutajaribu jikoni, kwa sababu maji ya mkonge yanawasha ngozi vibaya, na kuitenganisha nta isiyo na madhara ni kazi ya maabara.

Ombi letu la kwanza, na tunalolitanguliza mbele ya mengine yote, ni kuwa ofisi yako itukutanishe na watafiti wa TARI Mlingano, kituo cha Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Tanzania, wenye dhamana ya utafiti wa mkonge na ambao wako hapa mkoani kwetu, pamoja na SIDO, shirika la kuhudumia viwanda vidogo, ili ifanyike tathmini ya kama nta hiyo inaweza kusafishwa kwa kiwango kinachofaa mwilini na kwa bei ambayo kikundi kama chetu kinaweza kuimudu. Tuko tayari kutoa muda wetu, vyombo vyetu na vichwa vyetu wenyewe kwa majaribio, baada ya wataalamu kuturuhusu.

Ombi la pili linahusu mahali pa kazi. Tangu mwaka 2019 usimamizi wa vipodozi uko chini ya TBS, yaani Shirika la Viwango Tanzania, na jiko la nyumbani, hata likisafishwa vipi, halikidhi masharti ya jengo la uzalishaji. Tunaomba tusaidiwe kupata chumba cha pamoja chenye maji, umeme na friji, ili maombi yetu ya alama ya ubora yaweze kupokelewa.

Tunajua pia kuwa halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo, nne kati ya hizo zikiwa za wanawake. Maombi yetu yamekwisha kuandaliwa, na Ndugu Afisa Maendeleo ya Jamii ameyaona.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, baada ya risala hii wahitimu watakuonyesha mezani jinsi jeli inavyochujwa, na tumekuandalia kikapu cha bidhaa zetu kwa ajili ya nyumbani kwako. Tunakuomba chupa ya jeli iingie kwenye friji leo hii.

Tunaomba kuwasilisha.

Risala hii imesomwa na Katibu wa kikundi kwa niaba ya wanakikundi wote.