Masikio nayo yapimwe

Mhariri,

Mimi ni mshona kofia wa Mkomani, Lamu, na huu ni mwaka wa 11 naishi na kisukari aina ya pili. Kliniki hunipima sukari, macho, figo, hata nyayo. Masikio, kamwe. Mke wangu ndiye aliyegundua: adhana naisikia (kipaza sauti kile!), lakini yeye akinisemesha huku anakuna nazi, maneno yananipotea. Nikadhani uzee, nami nina miaka 54 tu. Kumbe sukari ikizidi huharibu mishipa midogo ya damu na neva za sikio la ndani; upungufu wa kusikia huwapata wenye kisukari takriban maradufu ya wasio nacho. Basi mbona tusipimwe masikio siku ile ile ya macho? Nimechoka kuitikia "naam" kwa nisichokisikia.

Mshona kofia,
Lamu