Saa ya mashine ya kufuatilia mgonjwa isipuuzwe

Ndugu Mhariri,

Mashine ya kufuatilia mgonjwa ikiwashwa na kuonyesha tarehe ya miaka iliyopita, wengi hurekebisha saa kwenye menyu na kuendelea na kazi. Ni hatari. Kumbukumbu za mapigo ya moyo na za kengele hubeba muda huo, na daktari huutegemea.

Saketi ya saa huongozwa na fuwele ya kwatzi ya hezi 32,768, yaani hutetema mara 32,768 kwa sekunde. Ukiigawa namba hiyo kwa 2, ukirudia hivyo mara 15, unapata pigo 1 kwa sekunde. Mashine ikizimwa, saketi huishi kwa betri ndogo ya kidonge, mara nyingi ya volti 3. Ipime kwa multimita (kifaa cha kupimia umeme): ikishuka chini ya volti 2.5, ibadilishe. Nakili mipangilio kwanza, maana katika baadhi ya mashine betri hiyohiyo hutunza viwango vya kengele. Lakini saa ikienda mbele au nyuma hata mashine ikiwa inawaka, usilaumu betri; ishuku kwatzi. Kosa la sehemu 20 kwa milioni kwenye kwatzi hufikia sekunde 52 hivi kwa mwezi.

Skrini ikiwa nyeusi, mgonjwa ahamishiwe mashine nyingine, kisha mulika skrini hiyo nyeusi kwa tochi kutoka pembeni. Ukiona mistari hafifu, paneli, yaani sehemu inayochora picha, ni nzima. Iliyokufa ni taa ya nyuma au saketi inayoilisha. Skrini za zamani zenye taa za mirija hutumia mamia ya volti, kwa hiyo chomoa waya wa umeme pamoja na betri kuu kabla ya kufungua.

Fundi wa vifaa tiba