Barua ya wazi kwa wanangu mnaokwenda kufanya utafiti mashuleni

Wanangu wa mwaka wa tatu, mnaosoma saikolojia na ualimu katika vyuo vya hapa Moshi na vya kule Usa River, salaam.

Nimefundisha shule za msingi mkoani Kilimanjaro hadi nilipostaafu, na kwa muda mrefu nilikuwa mwalimu mkuu. Kila mwaka walinijia vijana kama ninyi, barua ya utambulisho imeshapigwa mhuri halmashauri, madodoso, yaani karatasi za maswali ya utafiti, yamejaa begini. Niliwapokea kwa furaha na leo ningewapokea tena. Ila kwa kuwa msimu wa kukusanya data umekaribia, nataka niwaambie jambo ambalo wengi huondoka shuleni bila kuambiwa: yule mtoto anayejaza dodoso lako amekupa kitu chake, na una deni naye.

Tazameni dodoso linavyojazwa. Darasa la sita, watoto watatu dawati moja. Mwalimu wa zamu anapita katikati ya madawati na fimbo yake. Swali linasema, "Ninamwogopa mwalimu wangu." Mtoto anainua macho, anamtazama mwalimu, kisha anaweka vema kwenye "Sikubaliani kabisa." Mwenzake anachungulia, naye anaweka hapohapo. Wiki moja baadaye majibu yanaingizwa kwenye kompyuta, na ripoti inaandika kwamba wanafunzi wengi hawana hofu na walimu wao. Ripoti hiyo ina jedwali zuri, ina asilimia, na ni uongo. Hakuna aliyekusudia kudanganya. Mtoto alijilinda tu.

Kwa hiyo mwombeni mwalimu, kwa adabu, abaki ofisini. Watoeni watoto nje chini ya mti, wakae mbalimbali. Waambieni kwamba huu si mtihani, hakuna maksi, wasiandike majina, na asiyetaka kujibu swali aliruke. Someni maswali kwa sauti, maana hata darasa la sita wapo wanaosoma kwa shida, na hao ndio mara nyingi tunaotaka kuwasikia. Kabla ya yote, lijaribuni dodoso kwa watoto wachache wa shule nyingine. Maswali yasiyoeleweka yatajitokeza siku hiyohiyo.

Kibali cha mwalimu mkuu si ridhaa ya mzazi. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inasema mtoto ni yeyote aliye chini ya miaka 18, kwa hiyo hata kidato cha nne wengi wenu mtakutana na watoto. Barua ya ridhaa iende nyumbani, mzazi aisome au asomewe, na mtoto mwenyewe pia aulizwe. Nayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inawahusu. Niliwahi kununua karanga stendi zikiwa zimefungwa kwenye ukurasa wa dodoso, mwandiko wa mtoto unasomeka vizuri kabisa, habari za nyumbani kwao zote. Iliniuma sana. Yafungieni makaratasi hayo, na yakishamaliza kazi myachome.

Mmefundishwa habari za John Watson na Rosalie Rayner, wanasaikolojia wa Marekani, ambao mwaka 1920 walichapisha utafiti wao juu ya mtoto waliyemwita Albert. Alikuwa na miezi 11 walipoanza kugonga chuma kwa nyundo nyuma yake kila alipomgusa panya mweupe, hadi akawa analia akimwona tu panya, hata chuma kisipogongwa. Wengi wenu mnaukariri utafiti huo kwa ajili ya mtihani. Naomba msomapo muishie pale panapouma: mtoto aliondoka hospitalini bila kuondolewa hofu ile. Wao walipata walichokitafuta, wakaendelea na shughuli zao.

Ninyi hamtamgongea mtu chuma. Lakini mkiuliza juu ya kupigwa, njaa, au kuguswa vibaya, huenda mtoto akafungua mlango ambao hamjui kuufunga. Jipangeni kabla. Mjueni mwalimu wa ushauri nasaha wa shule hiyo, lijueni Dawati la Jinsia na Watoto la polisi, na namba 116 ya Huduma ya Simu kwa Mtoto muwe nayo kichwani.

Sasa la kupika data. Najua chanzo chake: bumu, ile fedha ya mkopo wa chuo, limechelewa, nauli ya kupanda Kibosho imepanda, kuprinti ni gharama, msimamizi anataka watu mia mbili. Usiku hosteli watu watatu wanajaza madodoso kwa kalamu za rangi tofauti. Wanangu, chukueni watoto thelathini wa kweli mkamweleze msimamizi sababu. Wala msiogope matokeo yasiyo na tofauti. Mwaka 2015 kundi la watafiti lilichapisha matokeo ya kurudia tafiti 100 za saikolojia, na ni kama 36 tu kati ya kila 100 zilizotoa tena matokeo yenye uzito wa kitakwimu, yaani yasiyoelekea kuwa ya bahati tu. Mkisema kwa haki kwamba hamkuona kitu, mmeisaidia fani.

Na mada si lazima iwe "athari za simu kwenye ufaulu" kila mwaka. Teremkeni Mabogini msimu wa mpunga. Ombeni madaftari ya mahudhurio, mhesabu siku ambazo watoto hawakuja kwa sababu wameenda kuamia ndege, yaani kuwafukuza mashambani, kisha mkae na wazazi muwasikilize. Mtakuta pia watoto wanaokosa shule kwa njaa au ugonjwa, basi msikimbilie kuandika kwamba ndege ndio sababu ya kufeli. Kazi hiyo inahitaji daftari, kalamu na subira, na halmashauri ingeisoma.

Mkimaliza kutetea utafiti wenu chuoni, rudini shuleni. Miaka yangu yote ya ukuu, waliorudi kuniambia walichokipata walikuwa wachache mno. Leteni ukurasa mmoja wa Kiswahili, muusome kwenye kikao cha walimu, kisha mpite darasani muwaambie watoto walichowafundisha.

Mwenye dodoso ambalo hajaliprinti na aniletee tulipitie pamoja. Nipo nyumbani Soweto, hapa Moshi, kila jioni.

Mama yenu, mwalimu mstaafu,
Moshi