Maghala ya kale yasibomolewe ovyo

Mhariri,

Naandika kuhusu tabia ya kubomoa maghala ya kale ya mijini ili kupisha majengo mapya, kwa hoja kwamba hayana kazi tena. Hoja hiyo siikubali hata kidogo.

Waliojenga maghala hayo walijua walichokifanya. Kuta nene zilihifadhi ubaridi, na makapi, yaani magurudumu ya kamba ya kuinulia mizigo, yaliyofungwa juu ya milango ya ghorofani yalivuta mizigo moja kwa moja kutoka kwenye vyombo vya majini. Moto ndio ulioogopwa zaidi. Kwa sababu hiyo mhandisi Jesse Hartley aliijenga Albert Dock, gati lenye maghala huko Liverpool, Uingereza, iliyofunguliwa mwaka 1846, kwa chuma cha kusubu, matofali na mawe, bila boriti za mbao. Uimara huo ndio uliowezesha jumba la sanaa la Tate kufunguliwa humo mwaka 1988. Hamburg ya Ujerumani nayo imeitunza Speicherstadt, mtaa wake wa maghala, iliyoanza kujengwa mwaka 1883, hadi UNESCO ikaiorodhesha kuwa urithi wa dunia mwaka 2015. Inasikitisha kwamba Liverpool yenyewe ilifutwa katika orodha hiyo mwaka 2021, kwa sababu ya ujenzi mpya kwenye eneo la bandari yake.

Naziomba mamlaka za miji zisitoe kibali cha kubomoa ghala lolote la kale kabla mhandisi hajapima uimara wake na ramani yake haijahifadhiwa. Likiwa bado imara, mwenye mradi apewe sharti la kulibadilisha matumizi, liwe ofisi, makazi au makumbusho, huku kuta na makapi yake yakibaki mahali pake.

Msomaji wako