Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Programu za BIM katika Usanifu wa Majengo

Ndugu wanachama,

Mwaka huu kamati imetumia sehemu kubwa ya vikao vyake kujadili programu za BIM (Building Information Modelling), yaani zile ambazo mbunifu hachori mistari mitupu bali hulijenga jengo zima kwenye kompyuta, kila ukuta ukiwa na unene wake, malighafi yake na taarifa zake. Maoni yenu yaligawanyika, nami nawasilisha msimamo wa kamati bila kuuremba.

Faida kubwa ni uratibu. Mhandisi wa miundo akiongeza kina cha boriti kutoka milimita 450 hadi 600, michoro ya mikato na jedwali la ujazo wa zege hubadilika papo hapo, na bomba la maji taka lililokuwa likipita chini yake huonekana limezama ndani ya boriti. Hitilafu hiyo ikigunduliwa ofisini humalizwa kwa mazungumzo. Ikigunduliwa zege likiwa limekwisha kukauka, fundi huomba ruhusa ya kutoboa, na sijamwona mhandisi anayefurahia tundu lisilokuwamo kwenye hesabu zake. Hata hivyo, orodha ya migongano inayotolewa na programu mara nyingi hujaa mambo madogo kiasi kwamba ule mmoja wa hatari hufichika humo, na kuamua kipi kisogezwe hubaki kazi ya mtu.

Wakadiriaji majenzi walio miongoni mwetu wamesisitiza, na ninakubaliana nao, kwamba programu huhesabu kilichoundwa tu. Ujazo wa zege utaupata, lakini mbao za kumwagia zege, majukwaa, waya wa kufungia nondo na upotevu wa vifaa havimo mpaka mtu aviingize. Kinachonitia wasiwasi zaidi ni uhakika wa mapema: dirisha lililowekwa kwa majaribio tu huonekana likiwa na vipimo kamili, na mteja huliona kama jambo lililokwisha kuamuliwa.

Kuhusu kubadilishana kazi, faili la Revit, programu ya BIM ya kampuni ya Autodesk, lililohifadhiwa katika toleo jipya halifunguki katika toleo la zamani. Muundo wa faili wa IFC, ulio wazi kwa programu zote na uliotambuliwa kama kiwango cha kimataifa ISO 16739 mwaka 2013, huwezesha programu tofauti kusomana, ingawa uwezo wa kuhariri modeli kama ilivyoundwa awali mara nyingi hupotea njiani. Gharama za leseni nazo ni mzigo, wala si kwetu peke yetu: mwaka 2020 ofisi kadhaa za usanifu, nyingi zikiwa za Uingereza, ziliiandikia Autodesk barua ya wazi zikilalamika kwamba gharama zinapanda huku Revit ikiendelezwa polepole.

Kamati inapendekeza kila mradi uanze na mpango wa maandishi, kwa kufuata ISO 19650 ya mwaka 2018, kiwango cha kimataifa cha kusimamia taarifa za majengo, utakaotaja nani anaunda nini, kwa toleo lipi la programu, na taarifa zipi zinaweza kutegemewa katika kila hatua. Rasimu yake itawasilishwa kwenu ili muijadili na kuipigia kura.