Barua ya wazi kwa wanangu mnaosomea ualimu wa chekechea (ECDE) hapa Nakuru

Wanangu,

Nawasalimu wote, wale mko mwaka wa kwanza na wale mmetumwa TP, yale mazoezi ya kufundisha, muhula huu, mabinti na pia wale vijana wachache mmeingia kazi ambayo watu bado wanasema ni ya kina mama. Nilikuwa nimejiambia nikistaafu sitaandikia mtu kitu, nitafuga kuku zangu na kupeleka mjukuu shule, basi. Lakini kuna jambo nimeliona wiki jana huko mtaa wa Kaptembwa na tangu siku hiyo usingizi unaniruka, kwa hivyo mtanivumilia, mimi nikianza huwa sinyamazi haraka.

Nilienda kumchukua mjukuu mapema sababu alikuwa na kliniki. Nikafika mlango wa PP1, darasa la kwanza la chekechea, nikakuta kimya. Watoto wa miaka 4 wakiwa kimya namna hiyo saa nne asubuhi mimi najua kuna kitu. Mwalimu alikuwa binti wa TP, nadhifu kabisa, na mezani kwake kulikuwa na faili limepigwa jalada la plastiki, kila sehemu na rangi yake. Asesa, yule mkaguzi wa kumpa alama, ameketi nyuma kwenye kale kakiti kadogo, magoti yamemfika kidevuni, anapekua karatasi. Ubaoni kuna herufi a, na kila mtoto anajaza ukurasa mzima. Karibu na mlango kulikuwa na kijana mdogo wa sweta ya kijani anaandika na mkono wa kushoto. Binti akapita, akaitoa ile penseli akaiweka mkono wa kulia, hakumwangalia hata usoni, akaendelea na safari yake. Mtoto akairudisha kushoto. Binti akarudi, akaihamisha tena na hii mara akamgonga vidole na rula, kidogo tu, ile ya kusema nakuona. Mtoto hakulia. Aliweka penseli chini, akaikalia mikono yake yote miwili, halafu nikaona suruali inalowa polepole mpaka ikaanza kudondoka kwa simiti. Na asesa bado anapekua. Nimeambiwa baadaye binti alipewa alama nzuri sana.

Simlaumu yule binti peke yake, wacha niseme hivyo mapema kabla hamjaanza kuulizana ni nani. Ninyi mmefundishwa kuogopa faili kuliko mnavyomwogopa Mungu. Na tusidanganyane, haya mafaili yanauzwa. Unaingia saiba ya kompyuta, unalipa, unapigiwa chapa azimio la kazi, maandalio ya somo ya muhula mzima, na chini kabisa kuna tafakari ya mwalimu imeshaandikwa, "somo lilifaulu, watoto walifurahia". Walifurahia lini? Hujakutana nao! Mimi nimekagua wanafunzi wa TP miaka mingi na niliwahi kupata faili linasema watoto walifurahia kwenda matembezi kuangalia mito, tarehe yenyewe ilikuwa Jumapili.

Sasa turudi kwa ile penseli, sababu hapo ndipo mimi hukasirika kabisa na watu wangu wa nyumbani wanajua, wakiona nimeanza habari ya penseli wanatoka nje.

Kifundo cha mkono wa mtu mzima kina mifupa midogo 8. Mtoto mchanga ukimpiga eksirei huioni hiyo mifupa, sababu bado ni gegedu, kitu laini kama hapo juu ya sikio lako, gusa usikie. Inakuwa mfupa mmoja mmoja, mwaka baada ya mwaka, na mtoto wa miaka 4 bado hajafika hata karibu. Ndio maana anashika penseli kwa ngumi kama mtu ameshika mchi. Yeye si mvivu, na hajakukaidi. Mkono wenyewe bado unajengwa na wewe unataka uhamie ndani na fanicha.

Mnajua kazi ya mkono huo ni gani? Ni kukanda udongo. Ni kumenya ndizi, kufunga vifungo vya sweta, kukamua kitambaa chenye maji, kuokota mahindi moja moja na vidole viwili kutia ndani ya chupa, kurarua gazeti. Mtoto akikanda udongo mwezi mzima, siku utakayompa penseli ataishika tu vizuri. Mimi darasani kwangu nilikuwa na beseni la mchanga, mtoto anaandika herufi na kidole, akikosea anapangusa, hakuna mtu ameona, hakuna iksi nyekundu. Wazazi walikuwa wananiuliza, madam, mbona mtoto anarudi na matope na kitabu hakina kitu? Nilikuwa nawaambia leteni ndoo ya maji basi, aoge.

Na hii si kitu nimeota mimi mzee. Si mnamkariri Maria Montessori, yule daktari Mwitaliano wa elimu ya watoto wadogo, kwa mtihani? Ati alifungua nyumba yake ya watoto mwaka 1907, Roma, mtaa wa San Lorenzo, tarehe mnazijua. Sasa mbona hamjiulizi wale walikuwa watoto wa nani. Walikuwa watoto wa vibarua, mtaa wa shida kama Rhonda yetu hapa Nakuru tu, na alikuwa anawapa herufi zimekatwa kwa msasa wapapase na kidole kwanza. Na Froebel naye, yule Mjerumani aliyeanzisha chekechea, vipande vyake vya mbao mnavichora kwa karatasi ya mtihani mnapata alama, halafu unaingia darasani kwako hakuna hata kipande kimoja cha mbao na fundi seremala yuko hapo ng'ambo ya barabara anawashia moto vipande kila jioni. Hujaenda kumwomba.

Kuhusu yule wa mkono wa kushoto, mwacheni. Mkalishe mwisho wa benchi upande wa kushoto asigongane viwiko na mwenzake, geuza kitabu chake kidogo, kazi imeisha. Na hiyo rula iacheni nyumbani. Viboko vilipigwa marufuku shuleni tangu 2001, na Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 kifungu cha 36 imekataza adhabu ya kuumiza mwili na ile ya kuumiza roho pia, haijasema "kidogo tu inakubalika".

Sasa msije mkafikiri nimeketi huku juu nawatupia mawe. Mimi niliingia kazi hii bila kujua kitu. Zamani hizo hakukuwa na diploma ya kwenda chuo ukiwa hujawahi kufundisha. Tulikuwa tunafundisha kwa naseri za harambee, zile kina mama walichangisha mabati wakajenga kando ya kanisa, halafu likizo za Aprili, Agosti na Desemba unaenda kusomea DICECE, kituo cha wilaya cha walimu wa naseri, miaka miwili hivyo, mtoto wako mgongoni. NACECE, kile kituo cha kitaifa, ilikuwa imeanza 1984 na vituo vya wilaya vikafuata 1985, na kwa wengi wetu hapo ndipo tulisikia mara ya kwanza kwamba kucheza ni kusoma.

Na hata baada ya kusikia nilifanya makosa. Mwaka 1993 nilikuwa na mtoto mmoja kwa darasa langu, huyo sitamtaja, nilimwita mkaidi muhula mzima. Nikimwambia simama anakaa. Nikisema imbeni anaangalia midomo ya wenzake halafu anaanza akiwa amechelewa. Nilimpeleka nyuma kabisa, ati asiharibu wengine. Siku moja lori likapiga honi hapo nje ya dirisha, ile honi ya kupasua kichwa, darasa lote likaruka juu, wengine wakalia, huyu akaendelea kupanga vifuniko vyake vya soda, chekundu, cheupe, chekundu, cheupe. Nikaenda nikamgeuza kichwa. Kulikuwa na pamba ndani ya sikio, imekauka, imekuwa rangi ya chai. Nyanya yake alipokuja jioni akaniambia bila hata kushtuka, "Ah, hayo masikio yanatoka usaha tangu akiwa mdogo, madam, ni homa tu." Masikio yote mawili. Nami nilikuwa nimemweka nyuma kabisa muhula mzima.

Tangu siku hiyo kila Januari nilikuwa na kazi moja kabla ya herufi yoyote. Mkebe wa mafuta ya kupikia, ule wa kimbo, na mahindi ndani. Mtoto anacheza, wewe unapita nyuma yake, unatingisha taratibu upande huu, halafu upande ule, unaangalia nani hakugeuka. Asiyegeuka unarudia kesho, akikosa tena unaita mzazi waende hospitali. Haina gharama, haina fomu. Na sijawahi kuona faili hata moja la TP limeandikwa huyu mtoto hasikii vizuri, huyu anasogelea chati sana, huyu Jumatatu huja na njaa kuliko Ijumaa. Hayo ndiyo nilitaka asesa awaulize. Funga faili, niambie kuhusu huyo mtoto wa tatu kutoka dirishani.

Mengine nitayapitia haraka sababu uji uko jikoni.

Ongea na mtoto kwa lugha anayoota nayo. Kaptembwa hapa ni Kiswahili, ukitumwa huko Nyakach ni Dholuo, ripoti ya elimu ya serikali, ile ya Gachathi, ilisema hivyo 1976 na bado mnawafokea watoto "siti dauni" kama askari. Somo la naseri ni dakika 30, zikiisha zimeisha. Jifunze majina yote wiki ya kwanza. Chezeni brikicho na kuruka kamba na wewe uruke, vaa nguo ya kuruka. Usipige picha za watoto kuweka TikTok, hata kama wanacheza vizuri. Uliza chuo kama kozi yako inatambuliwa na TSC, tume ya walimu, kabla hujalipa, sio baada. Cheti cha maadili mema kutoka DCI, wale wapelelezi wa polisi, kianze kutafutwa mapema, utakitaka ukijisajili.

Choo. Hii nayo siwezi kuipitia haraka. Angalia choo kabla hujaangalia ubao. Mtoto wa miaka 4 anaogopa lile shimo, ni kubwa kumliko, analiona kama kisima, na ndio maana anajizuia mpaka anajiharibia darasani halafu mnamcheka. Nimehudhuria sherehe za kufungua madarasa mapya ya chekechea, mheshimiwa amekata utepe, hema na viti vyeupe, na nikienda nyuma napata shimo lilelile la watoto wakubwa. Tangu 2013 naseri ziko mikononi mwa kaunti, Katiba ndivyo ilivyogawa, na kusema ukweli madarasa yamejengwa mengi kuliko zamani. Lakini mwalimu mara nyingi yuko kwa mkataba, hajui mwaka ujao ataitwa ama hataitwa, na mshahara nikiutaja hapa nitalia. Mwaka 2003 masomo ya msingi yalipokuwa ya bure sisi wa naseri tuliachwa nje, wazazi wakaruka naseri wakapeleka watoto moja kwa moja darasa la kwanza, maana huko hakuna karo, na mimi nilibaki na watoto 9. Kwa hivyo mtu akiniambia serikali imeamka nauliza, imeamka saa ngapi.

Na ninyi wazazi mnaosoma hii barua ya wenyewe, ndiyo, ninyi. Mnamkimbiza mwalimu kwa WhatsApp saa tatu usiku mkiuliza homuwaki ya mtoto wa PP1. Mnahamisha mtoto kwa sababu jirani wake anaandika mpaka 100. Mnalipia joho na kofia ya mahafali ya PP2, keki juu, na mkiombwa mlete vifuniko na magazeti ya zamani mnasema shule inaomba omba. Huyu binti wa rula, mjue, alikuwa anawaogopa ninyi pia.

Nilirudi huko Kaptembwa siku ya Alhamisi. Sikwenda kwa mwalimu mkuu, nilimngoja binti kwenye geti mpaka watoto waishe, tukaketi kwa kibanda cha chapati. Alilia kidogo, halafu akaniambia kitu kimenikaa, ati, "Shosh, miaka yote nimekaa chuo hakuna mtu amewahi kuniambia niwaangalie, waliniambia niwafundishe." Nikamnunulia chai. Tumekubaliana ananiletea stori ya mtoto mmoja kila wiki, kwa mdomo, bila karatasi, na wa kwanza ni huyo wa sweta ya kijani.

Wengine pia mnakaribishwa, Jumamosi mchana niko nyumbani, ulizeni tu kwa mama mboga mwambiwe kwa madam wa naseri. Udongo upo nyuma ya nyumba. Vifuniko vya soda ninavyo, mtungi wa lita 20 umejaa, nimeokota tangu nikiwa kazini, lakini mje haraka maana mjukuu amegundua kuna mtu ananunua chuma kwa kilo.

Ni mimi, madam wenu mstaafu