Kuhusu Forester Yako na Barabara ya Frisco

Uyole, Mbeya
16 Novemba

Mpendwa ndugu yangu Lusajo,

Salamu nyingi kutoka huku nyumbani. Sisi hatujambo, mvua za kwanza zimeanza na kila mtu yuko shambani. Barua yako imenifikia, nami nimefurahi kusikia kwamba umepata kazi ya mwisho wa juma huko Frisco, kwenye milima ya Colorado, Marekani, pamoja na ile ya Denver, na kwamba umenunua Subaru Forester iliyotumika ili uweze kupanda milima kila Ijumaa jioni. Hata hivyo, kuna sentensi moja iliyoninyima raha. Umeandika kwamba kwa kuwa gari hilo huvuta kwa magurudumu yote manne, theluji haitakusumbua. Barabara hiyo ninaifahamu, kwa sababu ndiyo niliyokuwa nikipita na wageni wa hoteli majira ya baridi nilipokuwa huko, na kwa hiyo naomba univumilie niandike kwa kirefu.

Mfumo wa magurudumu manne una kazi moja, nayo ni kugawa nguvu ya injini. Gari linalovuta kwa magurudumu mawili huyatwisha matairi mawili kazi yote ya kuliondoa mahali lilipo, na matairi hayo yakishindwa kushika chini huzunguka bure. Gari lako huigawa kazi hiyo kwa matairi manne, kila moja likidaiwa kidogo, na ndiyo maana taa ikiwa kijani utaondoka kwa utulivu wakati jirani yako angali anazungusha magurudumu palepale. Sifa zake zinaishia hapo. Unapokanyaga breki huna cha ziada kumshinda jirani huyo, kwa kuwa kila gari, hata lile la kuvuta kwa magurudumu mawili, hufunga breki kwa magurudumu yote manne. Unapokata kona, kinachokuzuia usitoke barabarani ni namna mpira wa tairi unavyoshika chini, wala shafti inayopeleka nguvu nyuma haina msaada mkubwa hapo. Kwa maoni yangu ubaya wa magari haya ni kwamba yanamnyima dereva onyo. Gari dhaifu lingeteleza tangu unapotoka kwenye maegesho, nawe ungejua mapema kwamba chini si pazuri. Lako litaondoka vizuri, litapanda vizuri, na utajikuta uko kwenye kilomita 80 kwa saa bila kujua umepita juu ya nini, mpaka pale gari la mbele yako litakapowasha taa za breki. Wengi niliokuwa nikiwaona wameangukia mtaroni siku za theluji walikuwa na magari ya magurudumu manne, na sikushangaa.

Kwa hiyo fedha yako iende kwenye matairi kabla ya kitu kingine chochote. Mpira wa tairi la kawaida la kiangazi hukakamaa joto linaposhuka chini ya nyuzi 7 hivi, na ukishakakamaa hauwezi tena kuyafuata mabonde madogo ya barabara na kuyashika, hata kama hakuna theluji yoyote. Tairi la majira ya baridi hutengenezwa kwa mpira unaobaki laini kwenye baridi kali, na kashata zake, yaani yale matuta ya mpira yanayokanyaga chini, zimechanjwa mistari mingi myembamba ambayo hufunguka na kuuma theluji. Tazama ubavuni mwa tairi utafute alama ya mlima wenye vilele vitatu na chembe ya theluji ndani yake, kwa maana alama hiyo hutolewa kwa tairi lililopimwa kwenye theluji. Herufi M+S, yaani tope na theluji kwa Kiingereza, peke yake zinaeleza umbo la kashata tu. Sheria ya Colorado itakuruhusu upite bila matairi hayo. Kwenye barabara kuu ya I-70, kati ya Dotsero na Morrison, kuanzia tarehe 1 Septemba hadi 31 Mei, gari la magurudumu manne linakubaliwa likiwa na matairi ya kawaida, mradi kashata zina kina cha inchi tatu kwa kumi na sita, yaani karibu milimita 5. Mimi nisingekwenda Frisco mwezi Januari na kiwango hicho cha chini, na wewe nakuomba usiende.

Jambo jingine kuhusu matairi ni tabia tuliyoizoea huku kwetu ya kununua tairi moja moja la mtumba kadiri ya mfuko, mbele jipya na nyuma kipara, huku kila moja likiwa la kampuni yake. Kwenye Subaru tabia hiyo ni ghali. Mfumo wake huunganisha mbele na nyuma wakati wote, na tairi lililolika lina mzunguko mdogo kuliko jipya, kwa hiyo huzunguka mara nyingi zaidi kwa umbali uleule na kuufanya muunganiko wa katikati usugue bila kupumzika hadi uungue. Watengenezaji wenyewe wanataka mizunguko ya matairi manne isipishane zaidi ya robo inchi. Nunua yote manne kwa pamoja, ya aina moja. Upepo nao upime asubuhi gari likiwa baridi, kwa kuwa hushuka kiasi cha pauni moja kwa kila nyuzi 5 au 6 za joto zinazopungua, na tairi uliloliacha sawa mwezi wa tisa utalikuta limelegea mwezi wa kumi na mbili.

Sasa nije kwenye jambo ambalo ni letu sisi watu wa milimani kuliko wengine, maana ninajua udereva wako umetoka wapi. Wewe na mimi tulijifunza utelezi kwenye tope la Isyonje na Makete wakati wa masika, tukiwa na lori la viazi na utingo anayefunga minyororo kwenye mvua, na tukaujua mlima wa Chimala kwenda Matamba, ule wa kona Hamsini na Saba, kabla hatujaijua lami nzuri. Mafunzo hayo yatakusaidia kwa sehemu, na kwa sehemu yatakuponza. Yatakusaidia kwa kuwa umezoea kutazama mbali, kuchagua njia kabla hujaifikia na kutosimama katikati ya kupanda. Yatakuponza kwenye mguu wa kulia. Kwenye tope letu dereva akihisi gari linazama hukanyaga mafuta kwa nguvu, na mara nyingi anakuwa sahihi, kwa sababu tairi linapozunguka kwa kasi hurusha tope lililojaa kwenye kashata na kuchimba hadi kwenye udongo mgumu ulio chini yake. Theluji haitaki hivyo. Tairi linalozunguka bure huyeyusha utando mwembamba wa theluji chini yake, maji yale huganda papo hapo, na kilichokuwa theluji yenye kushikika kinageuka kuwa barafu inayong'aa kama sakafu iliyopigwa nta. Kadiri unavyokanyaga ndivyo unavyojichongea shimo la kioo. Ondoka taratibu, ongeza mafuta kana kwamba huna haraka, na ukihisi magurudumu yameanza kuzunguka bure, punguza hata kama moyo unakuambia uongeze.

Kuhusu kushuka nitasema zaidi kuliko kupanda. Denver iko mita 1,609 juu ya usawa wa bahari, chini kidogo ya Mbeya yetu, lakini kabla ya kufika Frisco utapita kwenye handaki la Eisenhower, lililofunguliwa mwaka 1973, ambalo liko kwenye mita 3,400. Rungwe yenyewe haifiki hapo, wala Kitulo ambako jalidi ya Juni huunguza viazi. Ukitoka mdomo wa magharibi wa handaki hilo utakutana na mteremko mrefu kuelekea Silverthorne, mkali kiasi kwamba malori yametengewa njia za pembeni za kuyaokoa breki zinaposhindwa. Dereva aliyeshuka Kitonga au Iwambi na mzigo hahitaji kufundishwa kwamba gia ndiyo inayobeba gari kwenye mteremko, na gari la otomatiki nalo lina namna ya kushusha gia kwa mkono. Ila ishushe mapema, ukiwa bado sehemu iliyonyooka, na moja baada ya nyingine, kwa kuwa kwenye barafu hata injini inayovuta nyuma kwa ghafla inaweza kuyatelezesha magurudumu. Breki ikilazimu, ikanyage kabla ya kona na uiachie kabla hujageuza usukani, usilidai tairi kazi mbili kwa wakati mmoja. Pedali ikianza kutetemeka chini ya mguu usiogope na usiiachie. Ni mfumo wa kuzuia magurudumu yasifunge unaofanya kazi yake, na kwenye theluji nene iliyolegea utasimama mbali zaidi ya ulivyotegemea. Achia nafasi kubwa mbele yako hata wengine wakiingia katikati na kukukasirisha. Jihadhari na madaraja na kona zenye kivuli, kwani huko barafu hubaki hata siku ya jua kali, na haionekani.

Siku ya theluji ya kina kirefu ina hesabu yake nyingine. Tumbo la Forester liko takriban sentimita 22 kutoka chini, na hilo si gari refu kama Land Cruiser mkonga wa huku kwetu. Theluji mpya iliyo laini ikiwa chini ya kimo hicho, gari litaikata. Ikizidi, bampa itaanza kuisukuma na tumbo litaipanda, uzito utaondoka kwenye magurudumu, na hapo magurudumu manne yatazunguka hewani sawasawa na mawili. Kwa hiyo fuata njia iliyokwisha kukanyagwa na usijaribu kusimama pembeni kwenye tuta lililoachwa na magari ya kusukuma theluji. Ukikwama, zima kwanza mfumo unaozuia magurudumu yasiteleze, kwa sababu utakunyima nguvu wakati unapohitaji mizunguko michache tu, kisha ondoa theluji kwa chepe mbele na nyuma ya kila tairi na zaidi chini ya tumbo, ambako wengi husahau. Nyoosha usukani. Lisogeze gari mbele na nyuma kidogo kidogo hadi lipate njia. Na tafadhali, kabla hujakaa ndani na injini ikiwaka ili upate joto, hakikisha bomba la moshi halijazibwa na theluji, kwa maana ile hewa ya sumu inaweza kuingia ndani ya gari, haina harufu, na huua watu waliosinzia.

Mengine ni mepesi. Weka garini chepe, blanketi, tochi, maji, chakula, glavu na minyororo ya saizi yako; kwenye Subaru minyororo hufungwa magurudumu ya mbele, na ujifunze kuifunga ukiwa nyumbani, kwa kuwa hali ikichafuka sana polisi wanaweza kulitaka kila gari lifunge minyororo au kifaa mbadala. Mafuta yasishuke chini ya nusu tangi, barabara hufungwa kwa saa nyingi. Maji ya waipa yawe ya kustahimili baridi. Ukikuta magari ya kusukuma theluji yamejipanga mshazari kuvuka barabara nzima, kaa nyuma yake; sheria inakataza kuyapita, na isitoshe, barabara nzuri iko nyuma yao. Wakikuambia kwamba njia ya zamani ya Loveland Pass ina mandhari mazuri, ni kweli, lakini inapanda zaidi ya mita 3,650, ina kona zisizo na kizuizi, na malori ya mafuta yasiyoruhusiwa kuingia handakini hupita huko. Iache hadi Julai.

Na siku nyingine, ndugu yangu, usiende. Mwajiri wako wa Frisco anaijua barabara kuliko unavyodhani, na kumpigia simu Ijumaa mchana ukamwambia kwamba utapanda Jumamosi baada ya barabara kusafishwa ni jambo la kawaida huko. Tuliwahi kulala Matamba na shehena ya viazi tukisubiri mlima ukauke, na hakuna aliyetuita waoga.

Kabla hujalipia matairi, nipigie picha ya ubavu wa moja na picha ya karatasi iliyobandikwa kwenye nguzo ya mlango wa dereva, inayoonyesha saizi na upepo unaotakiwa, uzitume zote mbili ili nizisome. Niambie pia gari ni la mwaka gani, kwani kuanzia toleo la 2014 baadhi ya Forester zina kitufe kilichoandikwa X-Mode, ambacho kinasaidia kwenye spidi ndogo na kwenye kushuka, nami nitakueleza namna ya kukitumia.

Wako daima,
Ambakisye